Kabla ya Kuezua

Katika lugha yetu kuna kuezeka, na kuna kuezua. Na mwenye nyumba anayekusudia kubadili paa aghalabu fikra zake zote huziweka katika la kwanza, akauliza bei ya mabati, rangi yake na geji yake, ilhali hasara nyingi humkuta katika la pili, katika zile saa chache ambazo nyumba imekwisha vuliwa na haijavikwa. Paa ni sitara. Likiondoka, kitanda cha wazee, kasha la bibi na masizi ya miaka mingi hubaki wazi mbele ya mbingu na mbele ya kila mkwezi aliye juu ya mnazi wa jirani. Kwa hiyo naona ni haki ya nyumba kuandaliwa kabla fundi hajaegemeza ngazi yake.

Jambo hili nililijua kwa uchungu. Nyumba ya mama yangu huko Tanga, nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi wa katikati na vyumba vitatu kila upande, kuta zake za fito na udongo, iliezuliwa makuti asubuhi moja ya mwezi wa Agosti, vipaa vyote viwili kwa pamoja, na mabati ya kuezekea bado yako dukani. Tulidhani maadamu masika yamekwisha na vuli iko mbali, tumo katika amani. Tukasahau mvua za mchoo, zishukazo baina ya misimu hiyo miwili bila ya hodi. Alasiri ikanyesha kwa muda wa kuchemsha chai tu, na muda huo ulitosha: magodoro ya usufi yalikunywa maji, hati ya kiwanja iliyokunjwa ndani ya kasha ikatoka wino, na kichwa cha ukuta wa chumba cha nyuma kikalainika, udongo ukaporomoka, fito zikachungulia kama mbavu.

Basi wakati uchaguliwe vyema. Katika mwambao wetu masika huwa yapata Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Disemba, na muhula wenye salama zaidi ni Januari na Februari, kaskazi ikivuma kavu. Walakini hata katika muhula huo paa lisiguswe mpaka mabati, mbao, misumari na kofia vimefika uani na kuhesabiwa, na turubai la kufunika kipaa kizima liko tayari; kisha fundi aezue kipaa kimoja, akiezeke, ndipo ahamie cha pili. Fundi atasema kwamba kufungua pote kwa mara moja ni wepesi wa kazi, na atasema kweli, lakini utakayelala ndani ni wewe.

Kabla ya hayo paa kuukuu likaguliwe, na kwa paa la bati njia yake ni sahali: saa sita mchana ingia chumbani, funga mlango na madirisha, ngoja macho yazoee giza, kisha tazama juu. Kila tundu la msumari litajitangaza kwa uzi wa mwanga unaoshuka mpaka sakafuni, vumbi likielea ndani yake, na palipo na mianga mingi pamoja ndipo mbao zilipokuwa zikinywa maji miaka yote. Tia alama ya chaki ukutani. Hapo fundi apande na kisu, achome kenchi na papi moja moja. Mti mzima huikataa ncha, na ulioliwa na mchwa huipokea kama mkate. Haya yakijulikana mapema, mbao za kubadilisha huingia katika hesabu; yasipojulikana, hugunduliwa paa likiwa wazi, na mwenye nyumba hukopa kwa dharura au, baya zaidi, hupigilia bati jipya juu ya mti uliokufa. Anayetoka katika makuti kwenda katika vigae asiitegemee miti ile ile, kwani vigae ni vizito mno. Na anayenunua bati akumbuke kwamba geji 28 ni nene kuliko geji 30, ingawa nambari yake ni ndogo.

Ndani kuna taabu ambayo wengi hawaitazamii. Nyumba zetu nyingi hazina dari, na kuta za vyumba huishia usawa wa mtambaapanya, hata vumbi la chumba kimoja likawa la nyumba nzima. Na makuti yakiezuliwa hushuka masizi, mavi ya popo na viota vya nyigu. Msahafu na hati zitangulie kwa jirani, kisha nguo, nafaka na magodoro. Kabati lisilopita mlangoni livutwe katikati ya chumba na kufunikwa, na saa na picha za ukutani zishushwe, maana mtikiso wa nyundo huziangusha. Umeme uzimwe katika swichi kuu, na nyaya zilizoshikizwa katika mbao za paa zifunguliwe na fundi wa umeme, asiachiwe fundi wa paa. Mwenye kukinga maji ya mvua kwa mlizamu hadi birikani aung'oe mlizamu kwanza na kulifunika birika, na mvua ya mwanzo baada ya kazi aiache imwagike.

Hadhari kubwa kuliko zote ni ya asbesto, yale mabamba ya kijivu yaliyo juu ya majengo mengi ya zamani. Nyuzi zake zikipumuliwa huleta saratani ya mapafu, na maradhi hudhihiri baada ya miaka mingi. Kenya iliipiga asbesto marufuku mwaka 2006. Mabamba hayo hayakatwi kwa msumeno, hayatupwi chini kutoka juu, wala hayajengewi banda la kuku. Waulizwe wakuu wa mazingira, na wayaondoe wenye ujuzi, ambao huyalowesha maji kwanza na kuyafunga katika nailoni nzito.

Katika Mji Mkongwe wa Unguja na mji wa kale wa Lamu, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 na 2001, idhini hutafutwa kwa wahifadhi kabla ya kugusa paa. Kwingineko nako jirani aambiwe siku mbili tatu mbele, apate kuanua nguo na kumhamisha mgonjwa wake, na watoto wakatazwe kupita chini ya upenu mpaka misumari imeokotwa.

Mabati yale ya mama yalipoliwa na chumvi ya bahari, miaka mingi baadaye, alisimama mlangoni tangu alfajiri akisimamia kasha likipelekwa kwa jirani. Kipaa cha mbele kilipokamilika aliingia chumbani, akafunga mlango, akangoja. Kisha akatoka akamwita fundi: "Mwanangu, rudi juu. Pana nyota moja, usawa wa mlango." Fundi alikuwa amekwisha shusha ngazi, akaiegemeza tena.