Maporomoko ya Maji: Twende Lini?

Kila mara wanafunzi wanapotaka kusafiri kwenda kutazama maporomoko ya maji, huulizana: twende lini tukute maji yenye nguvu? Wengi hujibu upesi, "Wakati wa mvua." Jibu hilo ni kweli kwa mto mmoja na si kweli kwa mto mwingine. Fedha za safari hupatikana kwa taabu, na sehemu yake hutolewa na ndugu zetu waliokwisha kumaliza shule. Haifai kuzitumia kwa kubahatisha. Kwa hiyo nataka kulieleza jambo hili kwa mifano miwili ya hapa Uganda.

Mfano wa kwanza ni Sipi, katika wilaya ya Kapchorwa, kwenye mteremko wa Mlima Elgon. Maji ya Sipi huanguka mahali patatu, na anguko lililo refu kuliko yote lina kimo cha karibu meta 100. Mto wenyewe ni mdogo, unatoka mlimani, wala hauna ziwa la kuuwekea akiba. Mvua ikinyesha sana huko juu, maji huongezeka upesi. Mvua ikikoma kwa majuma mengi, mto hupungua. Mlima Elgon hupata mvua nyingi kati ya Aprili na Oktoba, na miezi yake mikavu ni Desemba hadi Februari. Basi atakayekwenda wakati wa Krismasi atayakuta maji, lakini yatakuwa haba. Atakayekwenda katika likizo ya Mei au ya Agosti atayaona yakinguruma.

Lakini mvua hiyo hiyo hufanya njia za huko kuteleza, na udongo wa mlima huo hubomoka. Katika Machi 2010, huko Bududa, maporomoko ya udongo yalifukia nyumba na kuua watu wengi. Kwa hiyo yatupasa kufuatana na mwenyeji, na akisema leo hakupitiki, tumsikilize.

Mfano wa pili ni Murchison. Hapo mto Nile, pamoja na ukubwa wake wote, hubanwa katika mwanya wa mwamba wenye upana wa meta 7 hivi, kisha huanguka meta 43. Mtu aweza kudhani kwamba kanuni ya Sipi itafaa na hapa. Sivyo. Kabla ya kufika Murchison, Nile umetoka katika Ziwa Victoria pale Jinja, ukapita Ziwa Kyoga. Eneo la Ziwa Victoria ni karibu kilometa za mraba 69,000. Ziwa hili ni kama mtungi mkubwa mno wenye tundu dogo: mvua ya mwezi mmoja huliinua kidogo tu, na maji hutoka taratibu mwaka mzima. Tena tangu 1954 liko bwawa la Owen Falls, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale, nalo huongoza maji yatokayo ziwani.

Kwa sababu hiyo, maji ya Murchison hayabadiliki sana kwa miezi. Hubadilika zaidi kwa miaka. Mvua za 1961 zilikuwa kubwa mno, na kufikia 1964 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya meta 2. Katika 1962 mafuriko ya Nile yalijitobolea njia ya pili kando ya maporomoko ya zamani. Njia hiyo ikaitwa Maporomoko ya Uhuru, maana ndio mwaka Uganda ilipopata uhuru wake. Katika Mei 2020 ziwa lilipita kidogo kimo cha 1964, na katika Mei 2024 likapanda juu zaidi.

Basi Murchison tuende miezi mikavu, Desemba hadi Februari. Nguvu ya maji haitapungua sana, barabara zitapitika, na wanyama wa hifadhi hukaribia mto kutafuta maji. Sipi tuiweke likizo ya Agosti.

Nanyi mtakaokwenda kuona maporomoko ya nchi nyingine, fungueni ramani kwanza. Fuateni mto kuelekea juu kwa kidole. Mkikuta ziwa kubwa, msihangaike sana na mwezi. Mkikuta mlima mtupu, ulizeni mvua ya huko hunyesha lini.