Sura ya 7: Hita Inapogoma Ndani ya Trela

Trela la safari la Marekani ni nyumba kamili juu ya magurudumu. Lina kitanda, jiko, choo na bafu, na ubavuni, nyuma ya mlango mdogo wa bati, lina hita ya maji. Tangi la hita hiyo mara nyingi hubeba galoni 6, yaani lita 23 hivi. Nyingi hupasha kwa njia mbili: kwa gesi, ukiwa umelala porini, na kwa umeme wa volti 120, ukiwa umeegesha kambini penye soketi. Sura hii inashughulika na umeme, kwa sababu huko ndiko mwenye trela anakoweza kuiua hita yake kwa kubonyeza swichi moja tu.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu hutajua kama hita ni mbovu au ni wewe uliye na haraka. Koili yake huwa na wati 1440 hivi. Kupandisha lita 23 kutoka nyuzi 15 hadi nyuzi 55 za Selsiasi kunahitaji kilojuli 3850. Koili hutoa kilojuli 1.44 kila sekunde, kwa hiyo kazi hiyo ni ya dakika 45, bila kuhesabu joto linalopotea njiani. Aliyezoea hita za papo kwa papo za bafuni Dar es Salaam au Nairobi, zinazopasha maji yakiwa yanapita, ataona dakika 20 zimekwisha na maji bado ni vuguvugu, aanze kutafuta fundi. Asubiri saa nzima kwanza.

Hesabu ya pili ni ya ampia. Kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240, wati hizo huvuta ampia 6 tu. Kwenye volti 120 huvuta ampia 12. Trela nyingi huchomekwa kwenye soketi ya ampia 30, ambayo yote kwa jumla ni wati 3600. Kiyoyozi, hita na mikrowevu vikifanya kazi pamoja, sakiti breka itaruka ingawa hakuna kilichoharibika. Zima kimoja, uirudishe.

Sasa tuseme saa imepita na maji bado ni baridi kabisa. Swali la kwanza si la umeme. Je, tangi lina maji?

Swali hili lina sababu. Katika majimbo kama Minnesota na Michigan, baridi hugandisha maji ndani ya mabomba na kuyapasua. Kwa hiyo kabla ya majira hayo mwenye trela humwaga maji ya tangi, kisha hugeuza vali za mchepuko nyuma ya hita ili dawa ya kuzuia kuganda ipite kwenye mabomba bila kujaza tangi. Majira ya kuchipua yakifika, analitoa trela, anaunganisha mpira wa maji, anafungua bomba, na maji yanatoka kwa nguvu. Anaridhika na kuwasha hita. Lakini vali bado ziko kwenye mchepuko: maji anayoyaona yamelizunguka tangi, na koili inawaka ndani ya hewa tupu. Koili ya namna hii hutegemea maji yaiondolee joto. Yasipokuwepo, inaweza kuungua kabla hata thamostati, iliyo mbali nayo, haijahisi kitu. Ndiyo maana hita iliyolala tangu mwaka jana na leo haipashi, mimi huiuliza habari za maji kabla ya kugusa waya wowote.

Njia ya kuhakiki ni rahisi. Hita ikiwa imezimwa na maji yakiwa ya baridi, inua kidogo mkono wa vali ya usalama iliyo nje. Yakichuruzika maji mfululizo, tangi limejaa. Ikitoka hewa tu, zirudishe vali mahali pake na ujaze.

Maji yakiwa vuguvugu daima, usiilaumu koili. Kagua vali ya mchepuko kama imefunga vizuri, kisha nenda kwenye bafu la nje, lile dogo la kuoshea miguu yenye matope. Watu hufunga kichwa chake na kuacha bomba la moto na la baridi yote mawili wazi. Hapo maji baridi hupenya upande wa moto na kuchanganyika nayo trela zima. Koili nyingi nzima zimebadilishwa kwa kosa hilo.

Kama maji yapo na njia zimefungwa vizuri, ndipo tuingie kwenye umeme. Tazama breka ya hita ndani ya trela. Tazama swichi ya ndani, na kwenye hita nyingi za Suburban, tazama pia swichi ndogo iliyo nje nyuma ya mlango wa bati. Zote mbili lazima ziwe zimewashwa. Kwenye baadhi ya hita za Atwood, swichi ya ndani hutumia volti 12 za betri kuamuru rilei, kwa hiyo betri ikifa, koili haipati umeme hata kama soketi ya kambi ni nzima.

Kisha kuna kikomo cha joto. Thamostati hukata kwenye nyuzi 54 hivi. Ikishindwa, kinga ya pili hukata kwenye nyuzi 82, na kwenye baadhi ya hita ina kitufe cha kurejesha. Kibonyeze. Kikiruka tena baadaye, thamostati imeganda na inahitaji kubadilishwa. Usiunganishe waya kwa waya ili kuipita kinga hiyo, hata kwa usiku mmoja, kwa sababu maji yaliyofungiwa na kuchemshwa bila kikomo hulipua tangi.

Mwisho ndiyo zamu ya koili. Chomoa trela kwenye soketi ya kambi, hakikisha kwa mita kwamba umeme haupo, kisha toa waya zote mbili za koili. Volti 120 zikizidishwa kwa zenyewe na kugawanywa kwa wati 1440 hutoa omu 10, na mita ionyeshe karibu na hapo. Isiposoma kitu, koili imekatika. Pima pia kati ya ncha ya koili na mwili wa tangi: mita ikionyesha njia, umeme unavuja kwenye chuma. Usiiwashe tena koili hiyo.

Kabla ya kuifungua, acha maji yapoe, funga maji yanayoingia, toa presha na umwage tangi. Ukishafunga koili mpya, fungua bomba la moto na usubiri hadi maji yatoke bila kukohoa hewa, ndipo uwashe. Na siku utakapolimwaga tangi kwa ajili ya baridi, zima breka ya hita na ubandike juu yake karatasi yenye maneno mawili: TANGI TUPU.