Darasa Lipate Hewa, Mtoto Apate Joto

Mzazi ampelekaye mtoto shuleni wakati wa baridi kali hutaka mambo mawili: mtoto asiambukizwe ugonjwa, wala asitetemeke. Majira ya baridi yalipoingia Ujerumani mwaka 2020, huku UVIKO-19 ikienea, mambo hayo mawili yalionekana kupingana. Madirisha yakifungwa, pumzi za wanafunzi wote hubaki chumbani, na virusi huelea humo. Yakifunguliwa, watoto huona baridi. Wengi walisoma wamevaa makoti, na wengine wamejifunika blanketi.

Mwezi Oktoba 2020, Idara ya Mazingira ya nchi hiyo ilitoa mwongozo kwa shule. Kila baada ya dakika 20 za somo, madirisha yote yafunguliwe wazi kabisa. Wakati wa baridi dakika 3 hadi 5 zatosha. Wakati wa mapumziko yaachwe wazi muda wote. Ikiwezekana, madirisha ya upande wa pili nayo yafunguliwe ili hewa ipite moja kwa moja.

Huenda mtu akadhani kuwa ni huruma zaidi kuacha dirisha wazi kidogo mchana kutwa. Sivyo. Sehemu kubwa ya joto la chumba haimo hewani, bali imo katika kuta, sakafu na madawati. Madirisha yakifunguliwa wazi kwa muda mfupi, hewa chafu hutoka kabla kuta hazijapoa. Yakifungwa, kuta hizo huipasha hewa mpya. Idara hiyo ilieleza kuwa joto hushuka nyuzi 2 au 3 tu, kisha hupanda tena upesi. Lakini dirisha lililo wazi kidogo siku nzima hupoza kuta zenyewe, na hewa haibadiliki vya kutosha.

Jambo hili si geni. Mwaka 1858, Max von Pettenkofer, mtaalamu wa afya mjini Munich, alishauri kuwa katika sehemu 1,000 za hewa ya chumbani, hewa ukaa itokayo katika pumzi isizidi sehemu 1. Kipimo hicho chatumika hata leo. Mwaka 1908, kifua kikuu kilipokuwa tishio, mji wa Providence huko Marekani ulifungua darasa la madirisha wazi katikati ya baridi. Watoto waliketi ndani ya mifuko mizito, na miguuni waliwekewa mawe yaliyopashwa moto.

Mjini Mainz, wataalamu wa Taasisi ya Max Planck walitengeneza mwaka 2020 mtambo wa feni, mabomba na vifuniko vinavyoning'inia juu ya madawati. Pumzi ya mtu, kwa kuwa ina joto, hupanda juu. Mtambo huivuta na kuitoa nje. Vifaa vyake viligharimu kama euro 200 kwa darasa.

Hata hivyo, hewa safi peke yake haikuushinda ugonjwa. Maambukizi yalizidi, na kuanzia tarehe 16 Desemba 2020 shule nyingi zilifungwa tena. Barakoa na kupunguza msongamano vilihitajika pia.

Ndugu mzazi, ugomvi kati ya hewa na joto hutatuliwa kwa saa ya ukutani, mwanafunzi wa zamu ya madirisha, na sweta moja ya ziada ndani ya mkoba wa mtoto.