Ngoma, Miti na Makumbusho ya Bujora

Sanaa ya Usukumani, eneo pana linalojumuisha Shinyanga, Mwanza na sehemu kubwa ya Geita, haieleweki vizuri bila mimea, kwa kuwa vyama vyake viwili vikuu vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinafuata nyayo za waganga mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana kwa dawa za mvuto, yaani dawa za miti zinazoaminiwa kuvuta watazamaji, na hadi leo mshindi ni kundi linalokusanya umati mkubwa zaidi. Wamo pia Bayeye, wanaocheza na nyoka na kurithishana elimu ya dawa zinazotibu sumu ya nyoka hao.

Katika miaka ya 1950, Padre David Clement kutoka Kanada alishirikiana na Wasukuma kujenga huko Bujora, karibu na Mwanza, kanisa la duara mfano wa nyumba ya Kisukuma, na baadaye makumbusho yenye banda la vyama vya ngoma. Kuzipa ngoma nafasi hiyo kulihitaji ujasiri, kwani wamisionari wengi walizipiga vita ngoma.

Hazina hiyo ya ngoma na dawa za miti inategemea misitu, nayo misitu ya ukanda wa dhahabu wa Usukumani hukatwa kwa ajili ya matimba, magogo yanayozuia kuta za mashimo ya wachimbaji wadogo zisiporomoke. Shinyanga, kwa bahati njema, ilipata mradi wa kuhifadhi ardhi uitwao HASHI mwaka 1986, ambao uliwasaidia wafugaji kufufua ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yatumike kiangazi, ambamo miti ya dawa huota upya.