Funika Kombe: Kifuniko cha Vibonye vya Piano na Pembe za Ndovu

Makala haya yanafafanua kifaa ambacho hakijapata jina lililozoeleka katika Kiswahili: ubao wenye bawaba unaofunika vibonye vya piano, yaani vile vipande vyeupe na vyeusi vinavyobonyezwa na mpigaji. Yanaeleza kazi yake, kisha yanaonyesha kwamba chini yake imefichika sehemu ya historia ya Afrika Mashariki, ikiwamo ya nyika inayouzunguka mji wa Diff, Wajir Kusini, mpakani mwa Kenya na Somalia.

Kazi ya kifuniko

Dhana yenyewe si ngeni huko Diff. Wafugaji wa Kisomali huhifadhi maziwa ya ngamia katika dhiil, chombo cha kusukwa chenye kifuniko chake, ili vumbi na nzi wasiingie. Kifuniko cha piano kina kazi kama hiyo. Piano ya kawaida ina vibonye 88: vyeupe 52 na vyeusi 36. Baina ya kibonye na kibonye mna upenyo mwembamba, na uchafu ukiingia humo, kibonye huweza kukwama. Ubao wa kifuniko hushikwa na bawaba kwa nyuma. Mpigaji anapoketi huuinua, na aghalabu jina la mtengenezaji lililoandikwa upande wa ndani humtazama. Baadhi hufungwa kwa kitasa. Piano nyingi mpya zina kizuizi kinachoufanya ubao ushuke polepole usije ukabana vidole.

Kitendawili cha pembe

Katika karne ya 19, vibonye vyeupe vya piano nyingi vilivikwa mabamba membamba ya pembe za ndovu. Pembe ina tabia yake: ikikaa gizani huelekea kugeuka manjano, ikipata mwanga huwa nyeupe. Katika miji ya Deep River na Ivoryton, jimbo la Connecticut, Marekani, viwanda vilijenga mabanda ya vioo ambamo mabamba hayo yalianikwa juani. Hivyo basi, kifuniko kilichovikinga vibonye dhidi ya vumbi ndicho kilichovinyima mwanga. Ndiyo maana wenye piano za pembe walishauriwa kuziacha wazi mara kwa mara.

Pembe zilikotoka

Pembe hizo kwa kiasi kikubwa zilipitia Unguja. Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na balozi wake mdogo wa kwanza, Richard Waters, aliwasili Unguja mwaka 1837. Baadaye kampuni ya Arnold, Cheney ya New York iliweka mawakala wake kisiwani humo. Kutoka bara, pembe zilibebwa mabegani mwa wapagazi na watumwa. Tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, ambayo ni miongoni mwa tawasifu za kwanza za Kiswahili, imejaa habari za biashara hiyo.

Eneo baina ya mito Tana na Juba nalo lilikuwa na ndovu. Misafara ya Wasomali ilipeleka pembe katika masoko ya Luuq na Bardera, kandokando ya Juba, na kutoka huko hadi bandari za Benadir. Inafaa kukumbukwa kwamba katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, viongozi wa jumuiya ya kidini ya Bardera waliipiga marufuku biashara hiyo, wakimhesabu ndovu kuwa mnyama najisi. Jumuiya hiyo ilishindwa vitani na Sultani Yusuf wa Geledi mwaka 1843.

Matokeo yake yanajulikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na ndovu zaidi ya 160,000. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, ujangili ulikuwa umewapunguza hadi chini ya 20,000. Mnamo Julai 1989 Rais Daniel arap Moi aliteketeza tani 12 za pembe jijini Nairobi, na mwaka huohuo biashara ya kimataifa ya pembe ikapigwa marufuku. Siku hizi vibonye huvikwa plastiki. Huko Diff, neno maroodi, yaani ndovu kwa Kisomali, limedumu kuliko mnyama mwenyewe.

Suala la istilahi

Kiswahili kina neno kalasha kwa pembe ndogo ya ndovu, na frasila, takriban kilo 16, kwa kipimo chake. Lakini kwa ala iliyovikwa pembe hizo, kiliazima piano, au kikatumia kinanda, neno ambalo pwani lilitaja pia ala ya nyuzi. Sehemu za ala hiyo zimebaki bila majina thabiti. Kibao kina maana nyingi mno, wimbo ikiwa mojawapo. Kibonye kinaeleweka zaidi. Kwa hiyo istilahi kifuniko cha vibonye inapendekezwa hapa: ni nyepesi, na inajieleza.

Wahenga walisema: funika kombe mwanaharamu apite. Methali hii hushauri aibu isitiriwe ili jambo lipite. Katika suala la pembe, jambo lilikwisha kupita na kombe likaachwa limefunikwa. Wanafunzi wa Kiswahili, wenye tawasifu na kamusi zinazoikumbuka biashara hiyo, hawana budi kulifunua, wakianza na majina ya vitu.