Lugha ya Mkutano Huamua Nani Anasikika



Katika ziara za ufuatiliaji tumezoea kuuliza habari za fedha, vifaa na mahudhurio. Ni mara chache tunauliza: mkutano ule uliendeshwa kwa lugha gani? Makala hii inaeleza kwa nini swali hilo lina uzito katika mradi wowote.

Lugha humtambulisha mtu

Lugha hupitisha habari, lakini pia humweka mtu mahali pake katika jamii. Kijana akisema "shikamoo" na mzee akaitikia "marahaba", kila mmoja amekubali nafasi yake kwa mwenzake. Wakati wa siasa ya ujamaa kiongozi na mkulima waliitana "ndugu". Baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992, neno "mheshimiwa" limeenea sana. Jamii ilibadilika, na namna ya kuitana ikabadilika nayo.

Ndivyo ilivyo kwa lugha zenyewe. Tanzania ina lugha zaidi ya 120. Kwa wengi wetu lugha ya mama ni ya nyumbani, ya ukoo na ya msibani. Kiswahili ni cha sokoni, ofisini na cha utaifa wetu, na tangu mwaka 1967 ndicho kilichowekwa kufundishia katika shule za msingi za serikali. Kiingereza tunakutana nacho sekondari na chuoni, hivyo kimebeba sura ya usomi. Mtu mmoja anaweza kutumia zote tatu kwa siku moja. Asiyejua ila moja hubaki nje ya mazungumzo mengi yanayomhusu.

Tulivyokosea

Miaka kadhaa iliyopita tulipeleka mradi wa maji katika kijiji cha wafugaji wa Kimaasai. Mkutano wa kuchagua mahali pa kituo cha kuchotea maji tuliuendesha kwa Kiswahili. Wanaume waliosoma na vijana walichangia. Akina mama walikaa nyuma, kimya. Tulipouliza kama wameafiki, waliitikia kwa kichwa. Muhtasari ukaandikwa kwamba wanawake wameshirikishwa, nasi tukauambatanisha na taarifa kwa wafadhili.

Kituo kilijengwa karibu na birika la kunyweshea mifugo. Baada ya muda mfupi tulikuta akina mama wamerudi kuchota maji kwenye korongo. Safari hii tuliitisha kikao kwa Kimaasai, chini ya mti, bila meza kuu. Walieleza kwamba saa wanazopata nafasi ya kuchota maji ndizo saa ng'ombe wanapofika, na watoto hawawezi kupita katikati ya mafahali. Tulipouliza kwa nini hawakusema mapema, bibi mmoja alijibu kupitia mkalimani kwamba wao hawakuulizwa. Waliulizwa wanaojua Kiswahili.

Tulilazimika kuhamisha kituo, kwa fedha ambazo zingefanya kazi nyingine. Akina mama wale walihesabiwa katika mahudhurio, lakini hawakusikika.

Si kuchagua lugha moja

Wengine watasema basi turudi kwenye lugha za asili. Ni kweli kanisa letu lina historia hiyo. Mmisionari Bruno Gutmann wa Misioni ya Leipzig, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, alisisitiza Kichaga katika kazi yake. Lakini leo usharika mmoja una walimu, wauguzi na wafanyabiashara kutoka mikoa mingi. Mkutano wa Kichaga ukifanyika mbele yao, nao watajiona wageni. Kiswahili kimetupa nyumba ambayo hakuna kabila linalodai kuwa mwenye nyumba, na jambo hilo si dogo.

Tusisahau pia Kiswahili chetu cha miradi: "wadau", "viashiria", "uendelevu". Hata mzungumzaji mzuri wa Kiswahili anaweza kutoka kikaoni akiwa ameitikia asichokielewa.

Tunachoomba

Kwa kamati za sharika:
1. Kabla ya mkutano, jiulizeni nani atashindwa kusema kwa lugha mliyochagua.
2. Wekeni mkalimani anayeaminiwa na wanawake na wazee. Mwenyekiti asiwe mkalimani wa kikao anachokiongoza.
3. Gawanyikeni katika vikundi vidogo, kila kimoja kwa lugha yake, kisha majibu yaletwe kwa wote.
4. Andikeni katika muhtasari lugha iliyotumika na nani alizungumza, si idadi ya waliohudhuria tu.

Kwa wafadhili: ukalimani unahitaji muda na posho. Mkiuona katika bajeti, msiuhesabu kuwa ni matumizi ya pembeni. Kuhamisha kituo kile cha maji kulitugharimu zaidi ya siku moja ya mkalimani.