Kompyuta kuukuu ikigoma kuwaka, okoa hesabu za duka kwanza

KANDO ya Barabara ya Kilwa, kuanzia Mtoni kwa Aziz Ally hadi Mtongani, kompyuta ya mtumba ni kifaa cha kawaida katika maduka ya vifaa vya ujenzi, maduka ya dawa na steshenari. Mashine hiyo ndiyo daftari la mauzo, la mali iliyopo dukani na la wanaodaiwa. Siku inapogoma kuwaka, mwenye duka hupata hasara mbili kwa mpigo: kazi husimama, na hesabu hufungiwa ndani.

Hasara ya pili ndiyo kubwa, ingawa wengi huhangaikia ya kwanza. Mashine hukimbizwa kwa fundi, fundi "hupiga Windows" upya, na jioni kompyuta hurudi ikiwaka vizuri. Hesabu za miaka mitatu zimefutika.

Kilicho ghali ni kipi?

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaweka kompyuta katika daraja la kwanza la mali zinazochakaa, kwa kiwango cha asilimia 37.5 kwa mwaka ya thamani iliyobaki. Kwa anayetengeneza hesabu kamili, mashine iliyonunuliwa kwa shilingi 1,000,000 hubaki na thamani ya shilingi 625,000 baada ya mwaka wa kwanza, shilingi 390,625 baada ya mwaka wa pili, na takriban shilingi 244,000 baada ya mwaka wa tatu. Kwenye vitabu, haijabaki hata robo ya bei yake.

Hesabu zilizomo ndani huenda kinyume chake, maana kila mwezi zinaongezeka thamani. Chukulia duka la saruji na mabati lenye wateja 40 wanaochukua mali kwa mkopo, kila mmoja akidaiwa shilingi 50,000. Hiyo ni shilingi milioni 2 zilizoandikwa katika faili moja. Faili hilo likipotea, mwenye duka atabaki akitegemea kumbukumbu yake na uaminifu wa wadaiwa.

Mashine za kielektroniki za kutolea risiti, ambazo Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kuzitumia mwaka 2010, haziondoi tatizo hili. Zinatunza mauzo yaliyotolewa risiti, lakini hazijui nani amekopa mifuko mingapi wala bei aliyonunulia mwenye duka. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipa kodi kutunza kumbukumbu zake kwa muda usiopungua miaka mitano. Kusema kompyuta iliharibika si utetezi wa kutegemea mbele ya mkaguzi.

Kwa sababu hiyo utaratibu wa busara ni huu: kuanza na visivyo na gharama, kuokoa hesabu, na mwisho kabisa kuamua hatima ya mashine yenyewe.

Anza na visivyo na gharama

Kompyuta isiyoonyesha hata taa ina tatizo la umeme. Jaribu soketi nyingine, waya mwingine wa umeme, na hakikisha swichi ya nyuma ya pawa saplai haijazimwa. Hayo yote yakiwa sawa, pawa saplai yenyewe ndiyo mshukiwa wa kwanza. Kwa kompyuta ya mezani ni spea inayobadilishwa nzima. Isifunguliwe na asiye fundi, kwa kuwa ndani yake hubaki umeme hata ikiwa imechomolewa.

Taa ikiwaka na feni ikazunguka lakini kioo kikabaki cheusi, au mashine ikapiga milio mfululizo, mara nyingi kadi ya ramu imelegea au imeshika kutu na vumbi. Katika hewa ya Dar es Salaam, yenye joto, unyevu na chumvi ya bahari, hili si jambo la ajabu. Chomoa umeme, gusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, toa kadi, safisha meno yake kwa kitambaa laini kikavu au ufutio, kisha irudishe hadi ishike.

Mashine ikiandika kuwa haioni mahali pa kuanzia, kabla ya kulaumu diski angalia kama kuna flashi iliyosahauliwa mbele au nyuma. Baadhi ya kompyuta hutafuta mfumo wa kuanzia katika flashi kabla ya kuutafuta kwenye diski. Ni tatizo lile lile la miaka ya 1990, wakati disketi iliyosahauliwa ilipozuia ofisi nzima kufanya kazi.

Saa ikirudi nyuma miaka kadhaa kila asubuhi, au mashine ikidai ubonyeze F1 ndipo iendelee, betri ndogo ya saa iliyo kwenye mazabodi imekwisha. Kwenye kompyuta nyingi za mezani ni betri bapa ya volti 3 yenye alama CR2032, na huuzwa hata kwa mafundi saa. Isipobadilishwa, nyaraka za mauzo hutoka na tarehe za uongo, na tovuti nyingi za benki na za serikali hukataa kufunguka.

Inawaka lakini haifiki

Kundi jingine ni la mashine zinazowaka zikakwama njiani, au zinazochukua nusu saa kabla ya kufungua faili moja. Hapa sikio ni kipimo kizuri. Kompyuta nyingi za zamani zina diski ya sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Diski hiyo ikianza kugonga au kukwaruza, zima mashine mara moja. Kila jaribio la kuiwasha tena linaweza kumaliza kilichobaki.

Kama hakuna mlio wa ajabu, jaribu kuwasha kwa sefu modi, ambako mfumo huwaka na vitu vya lazima tu. Kwenye Windows XP na Windows 7 hubonyezwa F8 mara mashine inapowaka. Kwenye Windows 10 na 11, mfumo ukishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo huleta wenyewe ukurasa wa matengenezo, wenye njia ya kufika huko. Ikiwaka kwa namna hiyo, kazi ya kwanza ni kunakili hesabu kwenye flashi. Kupunguza programu zinazojifungua zenyewe, kusafisha diski iliyojaa na kutafuta virusi ni kazi za baadaye. Wenye steshenari wawe waangalifu zaidi, maana flashi za wateja zinaingia siku nzima na kila moja huja na mizigo yake.

Ikishindikana kabisa zipo njia mbili za kuokoa faili bila kugusa mfumo. Ya kwanza ni kuwasha mashine kwa flashi yenye Linux, mfumo wa bure unaoweza kufanya kazi ukiwa ndani ya flashi hiyo, kisha kunakili faili za duka kwenda kwenye flashi nyingine. Ya pili ni kuitoa diski na kuiunganisha kwenye kompyuta nzima kwa waya maalumu wa USB. Mafundi wengi wanazijua zote mbili, ila hawazifanyi wasipoombwa.

Mapatano na fundi

Fundi hulipwa ili mashine iwake, na kupiga Windows upya ndiyo njia fupi ya kufika huko. Si kosa lake ikiwa mwenye mali hakusema anachotaka. Kabla ya kuacha mashine, ni vyema kuandikiana mambo matatu: diski isifutwe wala kubadilishwa bila ruhusa, faili zinakiliwe kwanza na mwenye mali azifungue mwenyewe kuhakikisha, na spea ya zamani irudishwe. Andika pia namba ya diski na ukubwa wa ramu iliyomo. Karatasi moja yenye sahihi mbili huzuia ugomvi mwingi.

Kutengeneza au kununua?

Hesabu zikishaokolewa, swali linabaki kuwa la biashara tu. Kwa mashine iliyo nzima ila nzito, badiliko lenye faida kubwa ni kuondoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka. Linalofuata ni kuongeza ramu, hasa kama iliyopo ni gigabaiti 2. Kwa upande mwingine, mazabodi yenye vikopo vidogo vilivyovimba juu au kuvuja imechoka, na kuendelea kuinunulia spea ni kumwaga maji mchangani.

Kanuni rahisi ni kulinganisha. Jumla ya spea na ufundi ikikaribia nusu ya bei ya kompyuta nyingine ya mtumba iliyo nzuri zaidi pale Kariakoo, fedha hiyo ielekezwe kwenye kununua. Anayenunua azingatie pia umri wa mfumo. Microsoft ilifunga msaada wa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inadai vifaa ambavyo mashine nyingi za zamani hazina. Mashine ya aina hiyo bado inafaa kwa kuandika na kuchapa, au kwa kuwekewa Linux, lakini isitumike kwa miamala ya benki kwa mfumo usiopata tena marekebisho ya usalama.

Mashine inayouzwa au kutupwa itolewe diski au ifutwe kabisa. Steshenari hubaki na nakala za vitambulisho na mikataba ya wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu anayezitunza.

Kinga ya yote haya haihitaji mtaji mkubwa. UPS ndogo humpa mwenye duka dakika chache za kuzima mashine vizuri umeme unapokatika, maana kukatika ghafla wakati wa kuandika ni chanzo kikubwa cha mifumo kuharibika. Flashi mbili zikibadilishana kila Jumamosi, moja ikilala dukani na nyingine nyumbani, zinatosha kulinda faili la wadaiwa. Kabla ya kufunga wiki, fungua nakala hiyo kwenye mashine nyingine. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa si ya kutegemea.